Dakika Arobaini za Bibi Verna

Ting, ting. Kimya kidogo. Ting.

Hiyo ndiyo sauti ambayo hata sasa, nikiwa nachambua mchele jikoni kwa mama hapa Makambako, hunifanya ninyanyue kichwa. Ni kijiko cha chai kikigonga ukingo wa kikombe kizito. Mgongaji alikuwa Bibi Verna, chumba cha mwisho kushoto, katika nyumba ya kulelea wazee kule Blaine, kaskazini mwa Minneapolis. Alikuwa na kitufe chekundu cha kuwaitia wahudumu, kimening'inia kando ya kitanda, lakini alikidharau. Alisema kitufe kinamwita mtu yeyote, kijiko kinamwita Esta.

Esta ni mimi, kwa wale watakaozipata karatasi hizi kwa mkono wa pili.

Mmekuja wengi kunisabahi, na Neema umeniuliza mara tatu: "Shoga, kweli hawakukufukuza?" Hawakunifukuza. Hakuna aliyenifunga pingu wala aliyenifokea. Mambo ya vibali nitayaruka, kwa sababu hata mimi sikuyaelewa yote, na kidato changu cha nne na cheti changu kimoja. Kwa ufupi ni hivi. Nilienda kusomea kuhudumia wagonjwa. Nikamaliza, nikapewa mwaka mmoja wa kuifanya kazi niliyoisomea. Baada ya hapo ilinibidi niingie darasa la juu, la uuguzi wenyewe, ndipo niendelee kukaa. Sheria za kuingia nchini zikakazwa, wanafunzi wa nje wakakosa viza, darasa likakosa watu, likafungwa. Mimi nilikuwa nimefungwa kwenye masomo kama mbuzi kwenye kigingi. Kigingi kilipong'olewa, mbuzi akaambiwa aende kwao.

Basi nasimulia safari ya kurudi tu, tangu nilipotoka Blaine.

Blaine: neno moja

Blaine ni nyumba mpya mpya na barabara pana. Bila gari wewe ni mti, unakaa ulipopandwa. Mimi nilikuwa nabebwa na Da Mwanaisha, mwanamke wa Mombasa, Mwembe Tayari, ambaye tulifanya kazi nyumba moja, yeye upande wa mashariki na mimi wa magharibi. Siku za baridi zilipoanza alikuwa akinicheka. "Si wasema kwenu kuna baridi? Haya, mtoto wa Makambako, fungua dirisha basi."

Neno lenyewe lilianza wiki yangu ya kwanza kazini. Nilichukua kikombe cha Bibi Verna niende kukijaza chai, nikasema kwa Kiingereza changu cha kutafsiri, "I'm coming," huku nimempa mgongo.

"Wewe!" akaniita. "Unakuja wapi, nawe unaondoka?"

Nikamweleza kwamba kwetu mtu akitoka mara moja hasemi naondoka. Anasema nakuja. Kutoka kila mtu anaweza kutoka. Kinachotakiwa kujulikana ni kurudi. Bibi Verna alikuwa dereva wa basi la shule maisha yake yote, mtu wa kuhakikisha. Akafikiri, kisha akasema, "Basi niambie kwa lugha yenyewe."

"Nakuja."

"Nakuuuja," akarudia, akiivuta katikati kama mpira wa kufungia noti.

Tangu siku hiyo sikuruhusiwa kutoka chumbani bila kulisema. Nikisahau, ting, ting.

Jambo jingine mnalotakiwa kulijua kuhusu Bibi Verna ni kula kwake. Mkono wake unatetemeka, supu inamwagika, basi anaweka kijiko chini, anapumzika, anaanza tena. Mtu akikaa pembeni yake, anakula. Mtu akiondoka, anaacha. Mlo mmoja unachukua dakika arobaini. Nilizipima kwa saa ya ukutani kwa sababu msimamizi wetu, Bi. Carol, alitaka kujua ninapopotelea kila mchana. Nilipomwambia, akaangalia saa, akaangalia orodha ya vyumba, akasema, "Sawa, lakini wengine ufanye haraka." Ndivyo tulivyokuwa tukiishi.

Siku yangu ya mwisho nilikuwa nimepanga kumwambia ukweli. Asubuhi Da Mwanaisha alinikazia kwenye gari: "Mwambie leo. Si kesho, leo. Wangoja nini?" Nikaingia. Bibi Verna alikuwa anaangalia kipindi cha kubahatisha bei za vitu kwenye televisheni, anawazomea washindani. Nikakaa. Akala. Dakika arobaini zikaisha. Nikambusu kwenye paji la uso, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nikasimama, nikasema, "Bibi, nakuja."

"Nakuuuja," akasema, macho kwenye televisheni.

Nikatoka.

"Umemwambia?" Da Mwanaisha akaniuliza huku anawasha gari.

"Nimemwambia nakuja."

Akazima gari. "Subhanallah! Nakuja ya wapi, nawe wenda Tanzania? Wamdanganya mama wa watu, umri ule?"

Akaliwasha tena. Tukaondoka, yeye ananung'unika kwamba amechoka ku-drive kwenye barafu na watu wasio na msimamo.

Saint Paul: Bwana Harold ahamishwa

Da Mwanaisha alinishusha Minneapolis mjini, nikapanda treni ya umeme, ile ya mstari wa kijani, mimi na sanduku langu. Nilikuwa naenda chuoni Saint Paul kuchukua cheti changu. Ndani ya treni mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya aliliangalia sanduku langu.

"Unaenda likizo? Mahali penye joto?"

"Naenda nyumbani. Afrika."

"Bahati yako," akasema kwa moyo mweupe kabisa, akapandisha zipu ya koti hadi kidevuni.

Nikamshukuru. Ungefanyaje?

Chuo chetu hakikuwa kikubwa. Wakati wangu, korido ya uuguzi ilikuwa kama stendi: Wanepali wanacheka, Wakameruni wanabishana, Wakenya wanachelewa. Siku ile nilisikia viatu vyangu mwenyewe. Mlango wa chumba cha mazoezi ulikuwa wazi, na Mwalimu Peg, aliyetufundisha kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza wala kujiumiza, alikuwa katikati ya maboksi. Kwenye kitanda alilala Bwana Harold.

Bwana Harold ni sanamu. Ni mgonjwa wa plastiki, mzito kama mtu mzima, mwenye meno yanayochomoka na mshipa wa kuchomea sindano. Sote tulijifunzia kwake. Tulimwogesha, tulimlisha, tulimwangusha mara mbili.

"Esta! Umekuja wakati mzuri. Shika miguu."

Tukamwinua kwa hesabu, moja, mbili, tatu, kama alivyotufundisha, tukamweka kwenye sanduku refu.

"Anaenda wapi?"

"Chuo kingine kimemchukua. Jimbo lingine."

"Amepata viza?"

Mwalimu Peg alicheka mpaka akakaa juu ya boksi. Kisha akaendelea kukaa pale, kicheko kimeisha.

"Walikuwa wengi waliokubaliwa," akasema. "Kila nchi. Wamebaki huko kwao na barua zetu mikononi. Waliofika darasani ni wanne, wote wa hapa hapa. Darasa la watu wanne hawafungui. Bila darasa, mwalimu wa nini?"

"Utafanya nini sasa?"

"Nitaenda kwa mama yangu, Duluth. Anahitaji mtu wa kumhudumia, na kule hawapati mtu."

Alilisema kama anayetaja hali ya hewa. Akanipa cheti changu ndani ya bahasha ngumu, akaniuliza, "Na yule bibi yako wa kijiko, ulimuaga?"

Nikamweleza. Nilidhani atacheka tena.

"Kwa Kiingereza huo ni uongo, Esta."

"Kwa Kiswahili si uongo, Mwalimu. Ni adabu."

"Labda. Lakini yeye anausikia kwa Kiingereza."

Nilirudi kwenye treni na sentensi hiyo. Nilikuwa nimeibeba pamoja na sanduku, na sanduku lilikuwa jepesi.

Saint Louis Park: anayesema yeye ni mzuri

Siku tatu za mwisho nilikaa Saint Louis Park kwa Mama Glory, dada wa Moshi aliyekuja kusoma zamani, sasa ni mhasibu kwenye ofisi moja jirani na ghorofa anayoishi. Ana zulia jeupe ambalo huruhusiwi kulikanyaga na friza iliyojaa kisamvu. Siku ya kuniaga alisonga ugali, akaunga kisamvu kwa karanga, akakaanga kuku hadi king'ora cha moshi kikalia, na majirani wakagonga kuuliza kama tumepona.

Mwanae Glory ana miaka sita. Kiswahili anakielewa chote, lakini anajibu kwa Kiingereza.

"Glory, ongeza ugali mwanangu," nikamwambia.

"I'm good," akajibu.

Nilipofika nchi ile niliwahi kujibiwa hivyo na nikasema, "Najua wewe ni mzuri, lakini chakula?" Sasa nilikuwa nimeshajua kwamba maana yake ni sitaki. Nikasimulia kisa hicho, Mama Glory akacheka hadi akajifuta machozi kwa kitambaa cha meza.

"Sisi tulipokuja," akasema baadaye, sauti imeshuka, "ulikuwa ukimaliza chuo, kazi inakusubiri mlangoni. Mtu alikuwa anaweza kupanga. Ninyi mmekuta mlango wenyewe unahamahama."

Hapo ndipo simu yangu ikalia. Ilikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Da Mwanaisha. Niliufungua mezani, mbele ya watu, kosa langu.

"Esta, sikiza. Bibi yako hali. Leo siku ya tatu. Sahani yaenda, sahani yarudi vile vile. Mimi nimekatazwa kuvuka upande wenu, sisi wenyewe tuko wawili tu. Nimechungulia, nimemwona aangalia mlango. Nakwambia ili ujue, si ulie."

Nililia, bila shaka. Kila nilipofumba macho niliona mlango wa chumba cha mwisho kushoto, na mtu anaungoja kwa sababu ya neno langu. Mama Glory akanipigapiga mgongoni. "Wazee hugoma, mdogo wangu. Siku mbili tatu, anazoea. Mpigie simu umwambie."

Nikapiga. Iliita mno. Kisha sauti ya Bibi Verna, kubwa, ya mtu ambaye kifaa chake cha kusikilizia kiko mezani:

"Sinunui kitu!"

"Bibi, ni mimi, Es..."

"Nimesema sinunui!" Akakata.

Glory mdogo aliuliza kwa Kiingereza kama yule bibi ni mkali. Nikamwambia hapana, ana njaa.

Uwanja wa ndege, halafu Blaine tena

Siku ya kuondoka theluji ilianza saa sita mchana, laini, kama mtu anapepeta unga. Nilipofika uwanjani ilikuwa inashuka kwa ubavu. Ubao wa safari ukabadilika mstari mmoja mmoja, ndege zinaahirishwa kama wanafunzi wanavyokaa chini wakikosa jibu. Yangu ilikuwa ya nne. Hadi kesho jioni.

Foleni ilikuwa ndefu, na kila mtu ndani yake alikuwa na sababu nzito kuliko ya mwenzake. Bwana mmoja alikuwa anawahi harusi, na ilikuwa harusi yake. Dada wa kaunta alitupa pakiti za biskuti zenye chumvi na karatasi ya pole. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya sanduku langu, natafuna, na polepole nikaanza kuelewa kwamba nimepewa siku moja ambayo haikuwamo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Nikampigia Da Mwanaisha.

"Ndege imeahirishwa. Nataka kwenda kumwona."

"Kaa hapo hapo. Usihame. Nakuja." Akajisikia mwenyewe, akaongeza, "Na mimi nikisema nakuja, nakuja."

Alichukua saa mbili na nusu. Usiku nililala kwake, na kesho yake mchana, zamu yake ilipoanza, tukaingia wote, yeye kwa mlango wa wafanyakazi na mimi kwa mlango wa mbele. Nikaandika jina kwenye daftari, nikapewa kibandiko cha kubandika kifuani. Kimeandikwa Mgeni. Nilipita kwenye korido ambayo nilikuwa nimeipiga deki mwaka mzima, nikiwa na neno hilo kifuani.

Alikuwapo kijana mmoja mpya, ametumwa na wakala wa ajira kwa siku hiyo tu, anasukuma kitoroli cha sahani mbio mbio. "Samahani, samahani," anamwambia kila mtu, hata ukuta. Upande wote wa magharibi ulikuwa wake peke yake.

Bibi Verna alikuwa kwenye kiti chake, uso kwa mlango. Sahani iko mbele yake, viazi vya kupondwa na supu iliyofanya utando juu.

"Umebadilisha sare," akasema.

Nilikuwa nimejipanga. Nilipiga magoti kando ya kiti. "Bibi, nilikudanganya. Nilisema nakuja, na nilikuwa naondoka kwa kweli. Narudi kwetu. Kibali kimekwisha. Tafadhali usinisubiri, kula."

Aliniangalia kama alivyokuwa akiwaangalia wale washindani wa kwenye televisheni.

"Najua uliondoka. Hukubeba kikombe."

"Nini?"

"Kila ukisema lile neno lako unabeba kikombe changu. Siku ile ulikiacha, kina chai nusu. Nimebeba watoto kwenye basi miaka yote ile, namjua anayeshuka na asiyerudi."

"Sasa kwa nini huli?"

"Nani kasema sili?" Akaonyesha sahani kwa kijiko. "Kinaletwa, kinaondolewa. Yule mtoto ana mlolongo wa vyumba, anakuja, anaweka, anakimbia, anarudi, anakuta bado, anadhani nimeshiba. Ni mtoto mzuri. Mimi ni mtu wa dakika arobaini, Esta. Sasa hivi hakuna mwenye dakika arobaini."

Kusema kweli niliona aibu. Siku zote hizo nilikuwa nimejitungia hadithi ambayo mimi ndiye mhusika mkuu, bibi anadhoofika kwa kunikumbuka. Kumbe ilikuwa hesabu tu. Wahudumu walikuwa kumi, wakawa sita, wakawa wanne, na chakula kinapoa.

Nikavuta kiti. Nikachukua kijiko nikakoroga supu kuuvunja ule utando, nikakinyanyua kuelekea mdomoni mwake. Hapo mlangoni akasimama Bi. Carol, msimamizi. Alikuwa amekonda.

"Esta," akasema taratibu, "usifanye hivyo, nakuomba."

"Hajala tangu niondoke, Bi. Carol."

"Najua. Lakini ukimlisha, hiyo ni kazi. Wewe huna ruhusa ya kazi. Mtu akiuliza, utaumia wewe na nitaumia mimi, na hawa wote watabaki na nani?" Hakuwa anafoka. Macho yake yalikuwa mekundu.

Nikaweka kijiko mezani, mikono nikaiweka mapajani. Sote watatu tukakiangalia kile kijiko.

"Carol," Bibi Verna akasema, "mgeni wangu anaruhusiwa kula?"

"Mgeni? Ndiyo. Mgeni anaruhusiwa."

"Basi mletee supu. Ya moto. Na yangu mpashie, siwezi kula baridi mbele ya mgeni."

Bi. Carol aliichukua ile supu iliyopoa. Kisha akaenda mwenyewe, akaleta mabakuli mawili yanayotoa mvuke, akafunga mlango nyuma yake.

Tukala. Mimi sikumgusa. Nilinyanyua kijiko changu, naye akanyanyua chake. Nilikiweka chini, akakiweka. Mkono wake ukatetemeka, supu ikamwagikia kitambaa cha kifuani, vidole vyangu vikataka kwenda, nikavikalia. Akapumzika. Akaanza tena. Alinisimulia mara ya mia habari ya mtoto aliyepanda basi na kuku. Viazi vikaisha. Mkate akaugawa, kipande kikubwa akanisukumia. Niliangalia saa ya ukutani: dakika arobaini na mbili.

"Na mbili hizo ni za kuku," akasema.

Nilisimama. Akasema, "Haya, sasa sema vizuri."

"Naondoka, Bibi."

"Hilo ndilo." Akachukua kikombe chake, kile kizito chenye picha ya ndege wa majini wa kule, mweusi wa madoa meupe, na ufa mdogo ukingoni pale kijiko kinapogonga. Akaniwekea mkononi. "Kichukue."

"Wewe utanywea nini?"

"Ndiyo maana. Wakikuta sina kikombe, itabidi mtu aingie humu kuniletea kingine. Angalau ataingia."

Hadi nyumbani

Kwenye mashine ya ukaguzi mlinzi alikitoa kikombe, akakigeuza, akakinusa, akauliza kama ni cha thamani. Nikasema sijui. Akakirudisha. Nilisafiri nacho ndani ya koti, hadi Amsterdam, ambako nilikaa saa sita bila kuona mji, na hadi Dar es Salaam, ambako joto lilinipokea kama shangazi mnene anayekukumbatia bila kuuliza.

Basi la kupanda Makambako niliingia alfajiri. Jirani yangu kitini alikuwa mama mmoja wa Mafinga mwenye kuku wawili halali kabisa, waliolipiwa. Aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia.

"Marekani? Na hicho ndicho ulicholeta?" Alikuwa ananyooshea kikombe kidole. "Kikombe kimoja? Na kina ufa?"

"Ndiyo, mama."

Akatikisa kichwa, akanipa yai la kuchemsha. Aliamini nimepatwa na makubwa.

Ruaha Mbuyuni basi lilisimama tule. Madirisha yote yakajaa vitunguu. Nikaagiza chipsi mayai, kijana wa kaangio akasema, "Nakuja, dada!" huku anakwenda zake upande wa pili wa barabara. Nilisimama pale nacheka peke yangu. Hakuna aliyemuuliza anakuja wapi. Baada ya muda akarudi na kichupa cha mafuta, na chipsi zangu nikazila ndani ya basi likipanda Kitonga.

Makambako upepo ulikuwa ule ule. Mama alinipokea stendi, akalia kidogo, akaanza kulalamika kwamba nimepungua. Wiki ya kwanza mlikuja ninyi. Ya pili nikaanza kuulizia kazi hospitalini, bado naulizia. Mnanijua mimi kwa ndoto: nimeshaliona jengo, nimeshapaka rangi kuta zake, viti vya wazee viko juani, na kila kiti kina kingine pembeni yake. Kiwanja ndicho sina.

Da Mwanaisha ananitumia habari. Bibi Verna ameletewa kikombe cha plastiki, hakilii. Basi sasa anagonga chuma cha kitanda, nyumba nzima inasikia, na watu wanakwenda wakikimbia. Siku nyingine anakula. Siku nyingine sahani inarudi vile vile. Mwalimu Peg yuko Duluth, anamgeuza mama yake kwa hesabu, moja, mbili, tatu.

Juzi mama alikwenda mnadani, nikabaki peke yangu nyumbani. Mchana ule nilichemsha chai ya rangi, nikaijaza kwenye kile kikombe, nikatoa viti viwili hadi barazani. Nikakaa kwenye kimoja. Nilikunywa funda, nikakiweka chini, nikapumzika, nikaanza tena. Saa ya simu ilikuwa juu ya goti langu. Chai ilipoa kabla sijafika nusu, nikaendelea kuinywa hivyo hivyo, na sikusimama mpaka zilipotimia arobaini.